Siku tuliyopima AMP sikliki Goma

Kifurushi kilitoka Kigali ndani ya sanduku la barafu, kikavuka mpaka wa Grande Barrière, na Prof mwenyewe akaenda kukipokea. Hakuruhusu mtu akiguse mpaka alipokifungua mbele yetu kwenye labo, akachomeka kipimajoto katikati ya vichupa na kusubiri. Nyuzi 5. Kingamwili na vimeng'enya vya vipimo kama hivi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na katika mji ambao umeme hukatika bila taarifa, kuzilinda nyuzi hizo ni nusu ya kazi yenyewe.

Tulikuwa wanafunzi wachache, na tulichotaka kupima ni AMP sikliki, molekuli ndogo inayopeleka ujumbe ndani ya seli. Darasani tulikuwa tumeikariri vizuri. Earl Sutherland aliipata miaka ya 1950 alipokuwa akichunguza jinsi adrenalini inavyolifanya ini litoe sukari, na mwaka 1971 akapewa Tuzo ya Nobel. Adrenalini yenyewe haiingii ndani ya seli. Hushika kipokezi kilicho juu ya utando, kisha ndani AMP sikliki hupanda na kuufikisha ujumbe. Haya ningeweza kuyaandika kwenye mtihani nimefumba macho. Kuyaona katika damu yangu mwenyewe lilikuwa jambo jingine kabisa, na usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala vizuri.

Labo yetu haikuwa na mahali pa kukuzia seli. Prof akaamua tutoe damu sisi kwa sisi, wale waliokubali, tutenganishe chembe nyeupe na kuzigawa kwenye mirija. Mirija mingine iliachwa ipumzike. Mingine ilitiwa salbutamoli ya ampuli, ileile wanayopewa wagonjwa wa pumu, ambayo hushika kipokezi cha adrenalini, na mingine forskolini, ambayo hutoka kwenye mizizi ya mmea mmoja wa India na huamsha moja kwa moja kimeng'enya kinachotengeneza AMP sikliki. Kabla ya yote hayo kila mrija ulipata aminofilini, maana ndani yake mna teofilini, na teofilini hukizuia kimeng'enya cha fosfodiesterasi kisiivunje AMP sikliki kabla hatujaikamata. Dawa mbili kati ya hizo zilikuwa kwenye rafu ya famasi yoyote kubwa mjini. Hilo lilinifurahisha sana, na bado linanifurahisha. Mwisho tukamimina asidi hidrokloriki nyepesi. Hupasua seli na kusimamisha vimeng'enya vyote papo hapo, kila kitu kikabaki kama kilivyokuwa dakika ile.

Kisha ikaja sehemu ambayo wengi huikosea kuielewa. AMP sikliki ni ndogo mno, uzito wake daltoni 329 tu, wakati kingamwili moja ina kama 150,000. Haiwezekani kingamwili mbili kuishika molekuli hiyo kwa pamoja, moja huku na nyingine kule, kama inavyofanyika tunapopima protini kubwa. Kwa hiyo inashindanishwa. Fikiria boti ya kwenda Bukavu yenye viti vichache, na bandarini kuna makundi mawili ya abiria: wenye fulana za njano, ambao idadi yao unaijua, na wasio nazo, ambao hujui ni wangapi. Boti ikishajaa, unahesabu njano tu. Njano zikiwa chache, ujue wale wengine walikuwa wengi. Viti ni kingamwili za sungura, zilizoshikwa na kingamwili za mbuzi zilizobandikwa chini ya kila kisima, yaani kishimo kidogo, cha sahani ya vipimo. Wenye fulana ni AMP sikliki iliyofungwa kwenye fosfatasi ya alkali, kimeng'enya ambacho baadaye huugeuza mchanganyiko kuwa njano. Wasio na fulana ni AMP sikliki ya damu yetu.

Wazo hili la kushindanisha lilizaliwa kwa Rosalyn Yalow na Solomon Berson kule New York, walipopima insulini kwa kutumia iodini yenye mnururisho. Yalow alipata Nobel mwaka 1977. Berson alikuwa ameshafariki mwaka 1972. Inaniuma kila ninapoisoma tarehe hiyo.

Sahani ilitakiwa kutikiswa taratibu kwa saa mbili. Tulikaa kwenye benchi la nje, na hapo Prof akazungumza juu ya Julai 1994, jambo ambalo hakuwa amewahi kutuambia. Alikuwa muuguzi kijana wakati wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia Goma kwa mamia ya maelfu katika siku chache. Kipindupindu kikalipuka. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, na mwamba wa volkano ulikuwa mgumu hata kuchimba makaburi kukawa tabu.

"Nilikuwa ninatundika serumu usiku kucha," alisema. "Sikujua mule ndani ni nini kinafanyika."

Kinachofanyika ni hiki: sumu ya Vibrio cholerae huifunga protini ya Gs, ile inayokiamsha kimeng'enya cha kutengeneza AMP sikliki, katika hali ya kuwaka, kimeng'enya hakizimiki, AMP sikliki hujaa ndani ya seli za utumbo, milango ya kloridi hufunguka na maji hufuata. Lakini njia inayoingiza sodiamu pamoja na glukosi haiguswi, ndiyo maana maji ya sukari na chumvi huokoa. Nilikuwa nimeishi kando ya Ziwa Kivu maisha yangu yote, nikinyweshwa maji hayo utotoni, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba molekuli iliyokuwa ikitikiswa ndani ilikuwa na habari nasi.

Tulipoosha visima na kutia kimiminika kinachogeuzwa rangi na fosfatasi, njano ikaanza kujitokeza. Muda ulipotimia tukatia dawa ya kuizuia isiendelee. Umeme ukakatika mashine ya kusomea ikiwa ndiyo kwanza imewashwa.

"Prof, courant imeenda."

"Mwende muwashe jenereta. Na wewe mama, soma kwa macho kwanza."

Nikaiweka sahani juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha. Safu ya vipimo tulivyovijua ilishuka kutoka njano iliyokolea hadi karibu maji matupu. Visima vya seli zilizopumzika vilikuwa njano nzuri. Vya salbutamoli vimefifia. Vya forskolini havikuwa na rangi ya kutajwa. Niliviita kimoja kimoja, mwenzangu akiandika, kabla ya namba yoyote kutoka.

Jenereta lilipowaka, mashine ikasoma kwenye nanomita 405 na kukubaliana na orodha yetu. Forskolini ilipita hata ncha ya mchoro wa kulinganishia, kwa hiyo sampuli zile ikabidi tuziongeze maji mara kumi na kuzirudia. Kisha tukagundua kwamba seli za mmoja wetu, zilizoitikia forskolini kama za wengine, ziliiitikia salbutamoli kwa shida sana.

"Yaya, wewe si una pumu?" nikamuuliza kaka huyo.

Alikuwa nayo, na alivuta salbutamoli kila siku. Vipokezi vinavyochokozwa kila mara hupungua juu ya seli, hilo linajulikana. Yeye akataka tuliandike hivyo kwenye ripoti.

"Mtu mmoja, papa," Prof akasema. "Uandike namba. Sababu utaitafuta kwa watu wengi."

Walibishana mpaka tulipofunga labo, na mimi nilikuwa upande wa Prof, ingawa nilitamani sana mwenzangu awe amesema kweli.