Kunguru wa uani na chungu wa Nabii Suleiman

Assalaam alaykum ndugu zangu, tafakari ya Ijumaa hii imeanzia uani kwetu hapa Mji wa Kale. Kunguru kaokota kipande cha boflo kikavu kama mbao, kakidonoa wee hakivunjiki, akaruka nacho mpaka kwenye beseni langu la maji ya kusuuzia nguo, akakitia majini, akangoja kidogo, akakigeuza, ndo akala. Mie nimesimama na leso mkononi naangalia tu. Huyu ajua anachofanya, ama ni maumbile tu yamsukuma?

Ustadi peke yake si ushahidi kwamba mnyama ajua anachofanya, hilo nalikubali. Mfaransa mmoja, Fabre, aliyechunguza wadudu miaka na miaka, alimtazama nyigu akiburuta nyenje mpaka mlangoni kwa shimo lake, amwacha hapo, aingia kukagua ndani kwanza. Fabre akamsogeza nyenje kidogo. Nyigu akatoka, akamrudisha mlangoni, akaingia kukagua tena, na tena, kila akisogezewa ni vile vile, kana kwamba hajaingia kamwe. Watu wakasema basi, mdudu ni mashine. Lakini kuna nusu ya pili isiyosemwa sana, manake Fabre huyo huyo alijaribu kwa nyigu wa mahali pengine na hao wakichezewa mara mbili tatu wamburuta nyenje moja kwa moja ndani, hakuna kukagua tena.

Nikafungua Suratun Naml, aya ya 18. Jeshi la Nabii Suleiman lafika bonde la chungu, yaani sisimizi, na chungu mmoja awaambia wenzake waingie majumbani wasije wakapondwa na Suleiman na majeshi yake hali ya kuwa hawatambui. Nimeisoma tangu chuoni nikiipita tu. Sisi twauliza kama mdudu ana utambuzi, na hapa mdudu ndiye asemaye binadamu hawatambui, tena awatolea udhuru, yaani wakitukanyaga hawakukusudia! Wengine watasema ule ni muujiza wa Nabii. Ndiyo, muujiza ni yeye kufahamu, lakini chungu alikuwa akisema na wenzake, si na Suleiman. Na Suleiman akatabasamu, akamuomba Mola amjaalie kushukuru.

Ya moyoni mwa kunguru Allah ndiye ayajuae. Zamani nikimwona ni kumrushia ndara. Leo asubuhi karudi na kipande kingine, beseni sikuliondoa.