iSCSI: njia B iliyokuwa inakufa na kufufuka

Hatimaye njia zote mbili za iSCSI (itifaki ya kufikia diski za hifadhi kupitia mtandao), A na B, zinasoma na kuandika. Seva pepe zimeshahamia mashine mpya za Proxmox (mfumo wa kuendesha seva pepe) hapa Kisumu, na kumbe tatizo ni swichi ya zamani iliyobakizwa kwenye njia B.

Dalili zilipotosha. Kuingia kwenye hifadhi kupitia mlango 3260 sawa, LUN (diski zinazotolewa na hifadhi) zaonekana, multipath (programu inayounganisha njia kadhaa za diski moja) yaonyesha njia mbili hai. Ukianza kunakili diski, kila kitu kinaganda, logi inaandika "ping timeout of 5 secs expired", B inaanguka, inafufuka, inaanguka tena.

Kadi za seva na za hifadhi zina MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) 9000. Kwa Linux, hiyo ni pakiti ya IP pekee. Swichi ile inahesabu fremu nzima: ongeza baiti 14 za kichwa cha Ethernet na 4 za FCS (alama ya kukagua makosa), unapata 9018, zaidi ya kikomo chake cha 9000. Inaitupa bila kusema neno, maana si ruta. Kinachoudhi zaidi ni multipath: inapima njia kwa tur (Test Unit Ready), amri ndogo mno ya kuuliza kama diski iko tayari, ambayo inapita vizuri. Basi njia inatangazwa nzima na data inarudishwa kulekule inakofia.

Ping ya kawaida haifichui kitu hapa. Tumia `ping -M do -s 8972`: `-M do` inakataza kugawanya pakiti, `-s` ni baiti za data. Ukijumlisha 8 za ICMP na 20 za IP ni 9000 kamili. A ilijibu. B ilipitisha 8954 na kunyamazia 8955. Pengo ni 18 zilezile!

Dawa: `iscsiadm -m node -p 10.10.2.10 -u` kuondoa B peke yake, swichi ikawekwa 9216 na kuwashwa upya, ping tena, kisha `-l` kuirudisha. Hifadhi usanidi wa swichi papo hapo, kabla ya kuiwasha upya. Radi ya jioni ikikata stima kabla hujahifadhi, inaamka na 9000.

Majina ya kadi yalibadilika kwa sababu ya nafasi mpya za PCI, faili la .link (la systemd, la kuipa kadi jina) lenye anwani ya MAC linatosha. LACP (kuunganisha kebo kadhaa ziwe kiungo kimoja) kwa iSCSI sioni faida yake, multipath inatosha.

replacement_timeout (muda wa kusubiri njia iliyokatika kabla ya kuitangaza imeshindwa) imeshushwa kutoka sekunde 120 hadi 15. Kuhariri iscsid.conf hakugusi rekodi zilizokwisha kuundwa, ni lazima `-o update`.

LUN ya nakala rudufu ilikuwa ihamishwe leo. Itangoja: sasa naandika skripti ya kutuma 8972 kila dakika kwenye kila njia.