Big, large na great si kitu kimoja

Jana jioni hapa Umoja nilikuwa napitia homuwaki ya Kiingereza na mtoto wa dada yangu, akaniuliza, "Anti, si zote ni kubwa tu?" Hapana, kila moja ina wenzake. Mvua ya Nairobi ni heavy, haiwezi kuwa big, chai iliyokolea ni strong, idadi ya watu stejini ni large number lakini kosa ni big mistake, alafu great inapenda vitu visivyoshikika kama importance na difficulty. Na huge tayari imejaa jameni, usiiongezee very, sema absolutely huge. Kumpa mtoto orodha ya maneno makavu ni kumuonea, sasa tunayaandika kwa daftari yakiwa mawili mawili, tumeanza na heavy traffic.