Siku moja ya mchujo wa filamu, Kigoma

Saa 10 alfajiri, eneo la Mwanga. Mchujo ni kutazama filamu zilizotumwa kwenye tamasha na kuzipa alama. Bando la usiku limebakiza muda mfupi, na filamu kumi na moja za leo lazima zishuke kabla halijaisha. Video ya megabiti 5 kwa sekunde hula GB 2 na robo kwa saa moja ya filamu. Zinazoruhusiwa kupakuliwa zinashushwa zote sasa, kwa sababu filamu inayokwamakwama mchana haipimiki: hujui kama mwendo umeuawa na mhariri au na mtandao.

Saa 2 asubuhi. Vitenge viwili dirishani, ule mwanga wa njano wa skrini wa kulinda macho umezimwa, maana unabadilisha rangi ya ngozi za waigizaji. Hedifoni ni za waya. Za bluetooth huchelewesha sauti, na mchujaji asiyelijua hilo ataandika "midomo haiendani na maneno" kwenye filamu isiyo na kosa. Simu inazimwa.

Hadi karibu saa 6 ni filamu fupi saba, jumla dakika 104, na robo saa ya kuandika baada ya kila moja. Zote zinatazamwa mpaka majina ya mwisho. Kwa tuzo za Oscar, filamu fupi ni isiyozidi dakika 40 majina yakiwemo. Matamasha mengi huweka ukomo wa chini zaidi, na inauma kuona kazi nzuri ikianguka kwa dakika mbili za shukrani.

Fomu yetu ina vipengele sita, kila kimoja alama 10, na alama yoyote chini ya 5 lazima ielezwe kwa dakika na sekunde. "Sauti mbaya" si maelezo. "6:40, upepo wa ziwa umefunika maneno ya mama, maiki haikuvishwa manyoya ya kuzuia upepo" ndiyo maelezo, kwa sababu aliyetengeneza akiyasoma anajua cha kufanya kesho.

Saa 7, ugali kwa migebuka, na dakika ishirini za kutazama mbali.

Saa 8 ndipo siku inapokwama. Filamu ya nane ni ya dakika 18, imepigwa kwa simu, inahusu mwanamke anayetengeneza mawese. Mwanzo ni safi kabisa. Kufika dakika ya kumi sikio linasita. Kufika mwisho, mchi unatua kinuni kimya, halafu ndipo kishindo kinasikika. Mchujaji mvivu hapa hukata alama za sauti akasonga mbele. Kazi yenyewe lakini ndiyo hii. Rudi mwanzo, tafuta kishindo kinachoonekana kwa macho, kama mchi au mlango, pima sauti imechelewa kiasi gani; pima tena katikati, pima mwishoni. Kisha cheza faili kwa programu nyingine, upime vilevile. Pengo likiwa lilelile mwanzo hadi mwisho, kosa huenda ni la programu ya kuchezea au la namna faili lilivyotolewa. Likikua kadiri filamu inavyokwenda, hesabu ya picha kwa sekunde imevurugika. Simu nyingi hazitoi picha 30 kamili kila sekunde; mwanga ukipungua, nazo zinapungua. Programu ya kuhariri ikizihesabu kana kwamba zimelingana, picha na sauti huachana polepole. Au picha 23.976 kwa sekunde zimechukuliwa kuwa 24: tofauti ya moja kwa elfu, ambayo kwa dakika 18 ni sekunde moja na kidogo. Kinga yake ni kugeuza video zote za simu ziwe na idadi moja isiyobadilika, tuseme 25, kabla ya kukata hata kipande kimoja.

Mratibu wa tamasha anaandikiwa aombe faili jipya, na filamu inawekwa kando bila alama. Saa moja na nusu imekwenda.

Simu ikiwashwa tu, inaita. "Shikamoo kaka, samahani, nimeambiwa filamu yangu iko kwako." Marahaba mdogo wangu, zungumza na mratibu. Hakuna jingine la kusema, hata kama filamu yenyewe umeipenda. Hasa hiyo.

Ya tisa ni ya Kiha. Anayekijua Kiha azime sauti dakika tatu asome tafsiri ya chini ya picha peke yake, la sivyo masikio yatajaza kila kilichoachwa. Mstari ukizidi herufi 42 msomaji wa kawaida anachoka, na maandishi meupe yasiyo na kivuli juu ya maji yanayong'aa hayasomeki kabisa.

Ya kumi, baada ya chai. Sasa uchovu unaingia kwenye kalamu: alama zinaanza kufanana, 6, 6, 6. Dalili hiyo ikionekana ni kusimama, kutembea hadi barabarani, kurudi. Mtu aliyetengeneza filamu kwa fedha zake ana haki ya kutazamwa na mtu aliye macho.

Ya mwisho inasubiri giza. Jua la Kigoma huzama karibu dakika 40 nyuma ya la Dar es Salaam, hivyo chumba hakiwi cheusi kabla ya saa 1 na nusu. Ni wavuvi wa dagaa ziwani usiku, taa tu na maji. Mchana ungeona skrini nyeusi ukatoa 3 ya picha. Gizani nyuso zinaonekana, chenga ni chache, ila taa za LED zinapepesa dakika ya 14 hadi ya 16. Hilo linaandikwa, kwa sababu skrini kubwa ya uwanjani, kama ya Ngome Kongwe kule Zanzibar ambako tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likifanyika, hulikuza mara nyingi.

Kabla ya kutuma, filamu ya kwanza ya asubuhi inafunguliwa tena, dakika tano, kupima kama kipimo cha jioni ni kile cha asubuhi. Saba yake inabaki saba. Ya kumi inapanda kutoka 6 hadi 7. Fomu kumi zinatumwa, na faili jipya la mawese limeshafika. Linasubiri bando la saa 6 usiku.