Mkanda wa Kifuko

Saa kumi alfajiri ya tarehe 26 Februari 2019 nilikuwa jikoni mwa hoteli moja ya Huye, kusini mwa Rwanda, nikikata wali kwa kisu. Niliupika usiku: mchele wa kushikamana, sukari, chumvi kidogo na tui la nazi, maana wali usio na nazi sijui kuupika. Nikautandaza kwenye sinia, nikaukandamiza, nikauacha ndani ya friji ugande. Asubuhi unakatwa vipande vya upana wa vidole viwili, kila kimoja kinafungwa kwa foili, na ncha moja ya foili inaachwa imesimama ili mtu aifungue kwa mkono mmoja huku mwingine uko kwenye usukani. Hilo la ncha alinifundisha fundi wetu wa baiskeli, ambaye sote tulimwita Mzee.

Hayo yalikuwa mashindano ya baiskeli ya Tour du Rwanda, mwaka yalipopandishwa daraja na timu kubwa kama Astana zikaja. Mimi nilikuwa mkandaji wa timu ndogo. Nilikuwa nimesomea tiba ya viungo Nairobi, na nilidhani nimeajiriwa kukanda miguu. Kukanda ni kazi ya jioni tu. Kabla yake kuna kuosha chupa, kufua jezi, kubeba mabegi, kupika, na kusimama kando ya barabara kuwapa chakula watu walio mbioni.

Siku hiyo ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote, kilomita 213 kutoka Huye hadi Rubavu. Tuliondoka na gari kabla ya mbio kuanza, tukapita Nyanza, Ruhango na Muhanga, tukasimama mahali barabara inapoinuka kidogo. Mahali pa kulishia huchaguliwa hivyo, mwendo ukiwa umepungua. Mwenzangu alisimama mita mia moja mbele yangu. Kila mmoja alishika vifuko vya wapandaji wake, na ndani ya kila kifuko mlikuwa na chupa mbili, wali, ndizi na kopo dogo la soda.

Watoto walikuwa wamejaa kando ya barabara, wengine wamevaa sare za shule. Mama mmoja aliyekuwa na mwavuli aliniuliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, hao wanakula wakiwa juu ya baiskeli?" Nikamwambia ndiyo, wasipokula hawafiki.

Waliochomoka mbele walipita kwanza, kisha kundi kubwa. Kishindo chake hukijui mpaka usimame mita moja nacho: minyororo, pumzi, watu wakiitana kwa lugha sita. Nilimwona kijana wetu mdogo kuliko wote akijisogeza ukingoni. Aliniona, akanyoosha mkono.

Mkanda wa kifuko hushikwa kwa ncha za vidole viwili, legelege, ili mpandaji akiuvuta ukutoke bila kukuuliza. Nililijua hilo. Lakini nilikuwa naogopa kuuangusha, na kwa hofu hiyo nilikuwa nimeuzungusha mara moja kwenye kiganja. Alipouvuta haukutoka. Bega lake lilirudi nyuma, gurudumu likayumba, akamwegemea jirani yake kwa kiwiko, na ni huyo jirani aliyemzuia asianguke. Mshono ukapasuka. Chupa zikabingirika hadi mtaroni, na yeye akaenda mikono mitupu. Kwa mwenzangu hakikuwapo cha ziada.

Msichana mmoja mdogo alikimbia kuokota. Aliniletea vipande viwili vya wali, akanipa kwa mikono miwili. Nikamwambia ale yeye.

Gari la timu hubeba chakula pia, lakini letu lilikuwa nyuma ya msafara, limesimama kwa mpandaji wetu mwingine aliyepata pancha. Lilipomfikia kijana, njia ilikuwa tayari inapanda kuelekea Mukamira na yeye ameshaishiwa. Mwili uliomaliza akiba haurudi kwa kula dakika ile. Aliingia Rubavu pamoja na wa mwisho wa mwisho, ndani ya muda unaoruhusiwa, midomo imepauka.

Jioni alilala mezani pangu. Nilianza na mapaja. Miguu iliyochoka ina joto, huwa imevimba kidogo na inasukumika chini ya mikono. Yake ilikuwa ya baridi, na misuli ya nyuma ilitetemeka nilipoigusa, kama ngozi ya farasi anapotuliwa na inzi. Nilikuwa nimesoma habari za njaa ya aina hiyo darasani. Sasa nilikuwa naishika, na aliyeileta ni mimi. Nikamwambia, "Nisamehe. Niliufunga mkanda mkononi."

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, uso ukiwa bado umeelekea chini, "Dada, ule wali wenye nazi, kesho nitiliwe vipande vitatu." Muda si muda alikuwa amelala, na niliendelea kumkanda hadi miguu ikapata joto, nikapitiliza saa niliyopangiwa.

Usiku nilimtafuta Mzee alipokuwa akiosha minyororo nyuma ya hoteli. Sikuhitaji kumweleza mengi. Alifuta mikono, akapanda baiskeli moja, akaanza kuzunguka uwanja wa magari chini ya taa, nami nikasimama na kifuko chenye chupa mbili za maji. Mara ya kwanza nilikiachia mapema, kikaanguka. Ya pili vilevile. Mlinzi wa geti, mtu wa hapohapo Rubavu ambaye Kiswahili alikijua kwa kwenda na kurudi Goma, alitutazama kidogo, akasogea na tochi yake akanimulikia mkono.

"Usimtazame baiskeli, dada," akasema. "Mtazame yeye."

Mzee akazunguka tena. Mkanda ukaniteleza vidoleni bila hata kuhisi umeondoka.

"Moja," akasema mlinzi.

Tulipofika arobaini nilirudi jikoni kupika wali.