Elks wanafungwa mbele, kwa wale mabonge watano

Huku Edmonton, Kanada, timu yetu ya futiboli (ule mchezo wa kubeba na kurusha mpira kwa mikono) inaitwa Elks, na ikifungwa lawama zote anabebeshwa kwotabeki, yule jamaa anayepokea mpira nyuma na kuurusha. Kazini, kwenye treni, hadi kinyozi wetu Mkongo naye siku hizi ni kocha, anakunyoa huku anakwambia "yule kijana hajui kurusha kaka". Sawa, ila makwotabeki wameshabadilishwa weee na timu iko palepale, kwahiyo mi leo niseme langu: kwa miaka yote hii tatizo limekuwa kwa wale mabonge watano wanaosimama mbele yake na makocha wanaowapanga, yeye kwotabeki anafuata baadae sana.

Kwa mliopo nyumbani ambao mnajua ile ya Marekani tu, hii ya Kanada ni ndugu yake lakini sio pacha. Wanacheza 12 kila upande, uwanja ni yadi 110 kwa 65, na kikubwa kuliko vyote una majaribio matatu tu ya kusogeza mpira yadi 10, wenzao Marekani wana manne. Na lile la tatu mara nyingi unaupiga mpira mbali kwa mguu ukakae ulinde, kwahiyo kiukweli una mawili. Sasa piga hesabu, jaribio la kwanza umekimbia umepata yadi mbili, la pili kila mtu uwanjani mpaka muuza bia anajua unarusha, na wale wa ulinzi wanakuja mzima mzima hawana habari na mkimbiaji wako. Af sheria inasema ulinzi usimame yadi moja nyuma ya mpira. Ukibakiza yadi moja hiyo ni zawadi, unasukuma tu unapata, ila kwenye kurusha yule bonge wako anakutana na mtu aliyeshapata nafasi ya kuchukua kasi. Akimshika jezi vibaya refa anarusha kitambaa, yadi 10 nyuma, na ukiwa na majaribio matatu adhabu hiyo peke yake imeshaua mpira wako.

Mzee mmoja Mkanada niliyekuwa nafanya nae kazi ndo alinifundisha kuangalia. Aliniambia usiangalie mpira, angalia miguu ya watu wa laini, yani wale mabonge watano. Tukakaa nyuma ya goli pale Commonwealth Stadium, uwanja wetu wa nyumbani, Oktoba, baridi ya kukata masikio na wale mabonge mikono wazi kabisa, kwao kuvaa mikono mirefu ni uoga. Upande wa kushoto alikuwa mchezaji mpya, ameingizwa kwasababu mwenye namba ameumia. Mpira unatolewa, beki wa pembeni wa wapinzani anajifanya anapita nje, ghafla anakata ndani, na mwenzake wa ndani anatoka nje kwa nyuma yake. Hapo watu wako wawili wanatakiwa wabadilishane, wewe mchukue wangu mi nachukua wako, bila kuongea, ndani ya sekunde moja. Wetu wote wawili wakamfuata mtu mmoja, mabega yakagongana, na yule wa pili akapita katikati kama kwenye foleni kaona geti liko wazi. Kwotabeki chini. Uwanja mzima unamzomea kwotabeki! Mzee akanigeukia akacheka tu.

Kubadilishana kule hakuji kwa kipaji, kunakuja kwa kufundishwa na kocha mmoja, lugha moja, watu walewale msimu baada ya msimu. Ndo hicho Edmonton ilichokosa.

Maana hii timu msiichukulie poa. Ina Grey Cup 14, ndo kombe la ubingwa wa ligi ya Kanada, ilichukua tano mfululizo kuanzia 1978 mpaka 1982 chini ya Hugh Campbell, na iliingia mtoano miaka 34 mfululizo, 1972 hadi 2005. Kombe la mwisho ni 2015, kocha Chris Jones, na hata sherehe hazijapoa akahamia timu ya Saskatchewan. Msimu wa 2020 ukafutwa kwasababu ya korona, 2021 wakarudi na jina jipya la Elks wakashinda 3 wakapoteza 11, kocha akafukuzwa. Wakamrudisha Jones, safari hii kocha na meneja mkuu kwa pamoja, yani yeye anasajili, yeye anapanga, yeye anaulizwa na nani sasa? 2022 ushindi 4 vipigo 14. 2023 hivyohivyo, 4 na 14, wakaanza na vipigo tisa mfululizo. Nyumbani ndo ilikuwa aibu kubwa, toka Oktoba 2019 mpaka Agosti 2023 walifungwa mechi 22 mfululizo kwenye uwanja wao, rekodi ya michezo ya kulipwa Amerika Kaskazini nzima. Watu walikuwa wanapewa tiketi za bure wanasingizia wana zamu.

Agosti ile mambo yakabadilika, na hamna aliyesajili mabonge wapya. Walimpa tu ukwotabeki Tre Ford, kijana wa Kanada kutoka chuo cha Waterloo, ana mbio za hatari, na mashambulizi yakaanza kupangwa kwa kuangalia laini iliyopo badala ya laini waliyoitamani. Kwotabeki hasimami tena sehemu moja kusubiri kugongwa, anatoka pembeni, anarusha haraka, au anakimbia mwenyewe, na beki mwenye hofu ya mbio zake anapunguza ile kasi. Wakaenda Hamilton wakashinda 24 kwa 10, af tarehe 27 wakaifunga Ottawa nyumbani 30 kwa 20 na mkosi ukaisha. Siku ile nilipiga kelele sauti ikakauka nikaenda kazini Jumatatu naongea kwa ishara.

Ila wajanja wa ligi sio wajinga, wakishajua unatoka upande gani wanakuwekea mtu anakusubiri hukohuko. Mbio za kwotabeki zinaficha laini mbovu kwa muda tu. 2024 wakaanza tena kwa vipigo vitano, Jones akafukuzwa Julai, msaidizi wake Jarious Jackson akashika timu wakamaliza 7 na 11. Piga hesabu hapo, yeye kwenye mechi zake alishinda 7 akapoteza 6 na kikosi kilekile! Mtu akikwambia kocha hana maana mwambie aangalie huo mwaka. Na bado hakupewa timu, 2025 akaletwa Mark Kilam kutoka Calgary, mahasimu wetu wakubwa, msimu ukaanza na Ford ukaendelea na kwotabeki mwingine, Cody Fajardo, matokeo 7 na 11 tena.

Kufukuza makocha huku kuna gharama ambayo mashabiki wengi hawaioni. Ligi ina ukomo wa pesa za benchi la ufundi, na mshahara wa uliyemfukuza bado unahesabiwa humo, kwahiyo unayemleta baadae anakuja na wasaidizi wachache au wa bei rahisi. Na wa kwanza kubanwa ni yule kocha wa laini, mtu ambaye hata jina lake mashabiki hawalijui. Halafu kuna sheria ya wazawa, lazima wanaoanza wawemo Wakanada wasiopungua saba, na timu nyingi zinawajaza kwenye laini ya mashambulizi. Kwahiyo bonge mzuri wa Kikanada ni mali, kila timu inamtaka, huwezi kumwokota katikati ya msimu. Unamchukua chuoni, unamlea miaka miwili mitatu, na kama kila mwaka anafundishwa na mtu mpya basi kila mwaka anaanza moja.

Mi ningekuwa na sauti pale ofisini ningesema Kilam aachwe aendelee na kazi, na hata siku akiondoka yule wa laini abaki. Hela ya kumleta kwotabeki mwingine mwenye jina wapewe wale watano waongeze mikataba. Najua haitauza jezi, hamna mtoto anayeomba jezi ya bonge namba 60 na kitu. Ila mimi ya kwangu nimeshaagiza, ikifika mechi ya Labour Day, sikukuu ya wafanyakazi ya huku Septemba, na Calgary nitakuwa nayo.