Nilivyosoma Uuguzi Katika Chuo cha Umma cha Des Moines, Iowa

Wengi wetu tuliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na kuhamishiwa Marekani, tulifika tukidhani kwamba chuo ni mahali pa vijana wenye vyeti kamili na wazazi wenye fedha. Des Moines Area Community College, ambacho wenyeji hukiita DMACC tu, hakikuanzishwa kwa fikra hiyo. Ni chuo cha umma kilichoanza mwaka 1966, kimojawapo cha vyuo 15 vya aina hiyo katika jimbo la Iowa, na huwapokea wazazi na wafanyakazi wa zamu sawa na vijana waliotoka sekondari. Makao makuu yako katika mji wa Ankeny. Mimi nilichagua kampasi ya Urban, iliyo ndani ya jiji la Des Moines, kwa sababu niliweza kufika huko kwa basi bila kuhitaji gari.

Nilianzia chini kabisa. Shule za kambini zilifuata mtaala wa Kongo, na karatasi zangu hazikuwa kamili, kwa hiyo nilipitia kwanza madarasa ya Kiingereza kwa watu wazima, kisha nikajiandaa kwa mtihani wa HiSET, ambao humwezesha mtu mzima kupata cheti kinacholingana na cha kumaliza sekondari. Mtihani huo una masomo matano: kusoma, kuandika, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii. Hisabati haikunisumbua, kwani namba hazina lafudhi. Insha ndiyo iliyonichukulia muda.

Ada ndiyo iliyowatia hofu ndugu zangu, nao walinishauri niendelee na kazi ya kiwandani. Hata hivyo, mkimbizi aliyepokelewa kisheria anaruhusiwa kuomba msaada wa masomo wa serikali ya shirikisho kwa kujaza fomu ya FAFSA, na akionekana kuwa na kipato kidogo hupewa ruzuku ya Pell, ambayo si mkopo. Aidha, jimbo la Iowa lina ufadhili unaolipia sehemu ya ada iliyobaki baada ya ruzuku nyingine kuhesabiwa, lakini kwa fani zinazohitaji wafanyakazi wengi tu. Fomu ya FAFSA hujazwa upya kila mwaka wa masomo, nami nilikuwa nikiijaza mapema nikiwa na karatasi za kodi mkononi.

Kabla ya kujiandikisha mshauri wa masomo aliniuliza kama nilitaka kujifunza kazi au kupata krediti, yaani vipimo vya masomo yaliyokamilishwa, za kuhamia chuo kikuu, maana njia hizo mbili hukaa chini ya paa moja na mgeni hazitofautishi kwa urahisi. Anayelenga chuo kikuu husoma masomo ya jumla kwa takribani miaka miwili, kisha huweza kuendelea, kwa mfano, Iowa State University iliyoko Ames. Anayetaka ufundi hukuta uchomeleaji, magari, mapishi na fani nyingine, baadhi zikiwa na vyeti vya muda mfupi. Michezo na makazi ya wanafunzi viko kwenye kampasi ya Boone. Sina mengi ya kusema juu yake, kwa kuwa anayefanya zamu za usiku haviwazi sana.

Nilichagua uuguzi kwa sababu hupandwa hatua kwa hatua na kila hatua ina mshahara wake. Kozi ya uuguzi msaidizi, inayodai angalau saa 75 za mafunzo, iliniwezesha kuajiriwa katika nyumba ya kutunzia wazee huku nikiendelea kusoma anatomia na fiziolojia. Kwa maoni yangu, masomo hayo mawili ndiyo chujio lenyewe, kuliko hata Kiingereza. Nilikaa kwenye kituo cha msaada wa masomo, ambako wanafunzi husaidiwa bila malipo, mpaka nikayazoea majina ya mifupa. Baadaye nilipata nafasi katika programu ya uuguzi yenyewe, na sasa ninajiandaa kwa mtihani wa leseni, NCLEX.